Nusu Kidonge

Wifi yangu alitandika karatasi nyeupe mezani, akavaa glavu alizopewa na nesi, akaweka kidonge kwenye kile kifaa cha plastiki cha kukatia, akabana. Kikapasuka vipande viwili visivyolingana. Akavikagua vyote viwili, kisha akachukua kile kilichokuwa kikubwa kidogo.

"Bora ale hiki," akasema.

Mwenye kidonge alikuwa sebuleni akiangalia katuni, ndala moja mlangoni, nyingine chini ya kochi. Ni mtoto wa kaka yangu. Ana lukemia, saratani ya damu, ile aina inayowapata zaidi watoto, na alikwishavuka miezi migumu ya mwanzo, miezi ya kulazwa na dripu. Sasa yuko kwenye ile hatua ndefu ya vidonge vya nyumbani na kliniki ya kupima damu. Asubuhi ile majibu yalionyesha chembe nyeupe zimeshuka, daktari akaandika dozi nusu.

Kwenye daladala wifi hakufungua kinywa. Alisubiri tufike nyumbani, mtoto asisikie.

"Wifi, wamempunguzia dawa. Niambie wewe unayesomasoma. Dawa imeisha, au wameshamkatia tamaa?"

Sikuwa na jibu.

Aliyewahi kupanga foleni kwenye dirisha la dawa anajua swali lile lilikotoka. Kwetu ukipewa nusu maana yake nyingine haipo, kanunue nje. Kuambiwa kwamba mtoto wako apewe pungufu kwa faida yake mwenyewe kunataka imani kubwa, na imani yake wifi alikuwa ameshaimalizia wodini.

Swali likanikaa wiki na wiki. Nikaanza kusoma usiku, nikaanza kuwasumbua watu wanaojua.

## Walianza kwa kuongeza

Nilichokuta kwanza ni kwamba hadithi ya ugonjwa huu, kwa miongo yake ya mwanzo, ni hadithi ya kuongeza tu.

Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba katika watoto 16 aliowapa dawa iitwayo aminopterini, 10 walipata nafuu. Nafuu yenyewe ilikuwa ya muda, ugonjwa ukarudi. Lakini kabla ya hapo hapakuwa na chochote, kwa hiyo hata miezi michache ilikuwa habari kubwa. Zikaja dawa nyingine, moja baada ya moja, na kila moja peke yake ilishindwa.

Mwaka 1962 ikafunguliwa hospitali ya watoto ya St. Jude huko Memphis, Marekani, na mkurugenzi wake wa kwanza, Donald Pinkel, akaamua kuzipiga zote kwa pamoja. Dawa kadhaa kwa mpigo, kwa miaka, na juu yake mionzi ya kichwani, maana seli za saratani zilikuwa zinajificha kwenye ubongo ambako dawa za kawaida hazifiki vizuri. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, karibu nusu ya watoto wake walikuwa wanapona. Ugonjwa ambao miaka michache nyuma ulikuwa unaua karibu kila mtoto!

Ningekuwa mzazi wakati ule ningesema ongezeni, chomeni, fanyeni lolote.

Halafu wale watoto wakakua.

Ndipo yakaanza kuonekana mambo ambayo hayakuwa kwenye hesabu. Mtoto aliyepigwa mionzi ya kichwa akiwa mdogo alichelewa darasani, hesabu hazikai, kumbukumbu nzito. Wengine hawakurefuka. Wachache, miaka mingi baadaye, walipata uvimbe mwingine kwenye ubongo, safari hii ukiwa umeletwa na tiba yenyewe. Walikuwa wamepona, na walikuwa wanalipa.

## Ujasiri wa kupunguza

Hapa nilikwama muda mrefu kuliko pengine popote.

Fikiria wewe ndiye daktari. Ukiongeza dawa na mtoto akafa, watu watasema ulijitahidi, Mungu hakupanga. Ukipunguza, na ugonjwa ukarudi, utamwambia nini mama yake? Hakuna anayemlaumu mtu kwa kufanya zaidi. Kupunguza ndiko kunakomweka daktari uchi mbele ya watu.

Kwa hiyo walishuka ngazi polepole. Kwanza walipunguza kiwango cha mionzi. Walipoona ugonjwa haurudi zaidi, wakapunguza tena. Kisha wakawaachia mionzi watoto waliokuwa kwenye hatari kubwa peke yao, wengine wakapewa sindano za uti wa mgongo zenye dawa ya saratani iitwayo metotreksati na wenzake. Kila ngazi ilichukua miaka, kwa sababu ilibidi kusubiri watoto wa ngazi iliyotangulia waonekane wamepona kweli.

Mwaka 2009 Ching-Hon Pui na wenzake wa hospitali hiyohiyo ya Memphis walitoa matokeo ya watoto 498 waliotibiwa bila mionzi ya kinga ya kichwa hata mmoja. Baada ya miaka 5, asilimia 93.5 walikuwa hai. Kutoka walikoanzia hadi hapo ni kama miaka 40.

Niliposoma hilo nilimpigia wifi. Alinisikiliza vizuri hadi mwisho, kisha akasema: "Sawa. Lakini hao walijuaje nani wa kumpunguzia?"

Yeye ameishia kidato cha nne, na alikuwa ameuliza swali ambalo mimi nilikuwa nimelipita.

## Seli moja katika elfu kumi

Walijua kwa kupima. Ukimtazamia mtoto uboho wake, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa darubini baada ya mwezi wa kwanza wa tiba, mara nyingi utaona safi. Lakini darubini ina upeo wake. Vipimo vya sasa vinaweza kuona seli moja ya saratani iliyobaki kati ya seli 10,000. Mtoto ambaye hata kwa kipimo hicho haonekani na kitu ana nafasi nzuri sana, na huyo unaweza kujaribu kumpunguzia.

Waingereza walifanya hivyo hasa. Katika jaribio lao liitwalo UKALL 2003, watoto na vijana 521 waliokuwa safi kwa kipimo hicho waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa raundi mbili za ile awamu nzito ya dawa inayorudiwa, wengine moja. Matokeo yakatoka mwaka 2013. Waliopewa moja walipona sawasawa na waliopewa mbili.

Raundi nzima ya sumu, ya nywele kutoka, ya vidonda mdomoni, ya dokisorubisini inayochosha moyo, haikuwa na kazi kwa watoto wale. Nawaza waliopewa mbili kabla ya hapo. Hakuna aliyekosea, walikuwa hawajui tu.

Kwetu kipimo hicho si cha kila hospitali. Ndiyo maana nasema kupunguza ni anasa ya mwenye kipimo. Asiye na kipimo ana njia mbili: kumpa kila mtoto dawa nyingi, au kumpa kila mtoto dawa kidogo. Zote mbili zina makaburi yake.

## Mwili na kidonge

Kidonge alichokikata wifi kinaitwa merkaptopurini. Kilitoka mikononi mwa Gertrude Elion, mwanakemia wa New York aliyeingia kwenye utafiti baada ya babu yake kufa kwa saratani, na ambaye hakuwahi kumaliza shahada ya uzamivu. Kikaidhinishwa mwaka 1953, na mwaka 1988 yeye na mwenzake George Hitchings wakashiriki Tuzo ya Nobel. Ni dawa ya zamani kuliko nchi yetu.

Kwa muda mrefu madaktari walishangaa kwa nini kidonge hichohicho, kwa uzito uleule wa mwili, kinamfaa mtoto mmoja na kumlaza mwenzake hoi. Mwaka 1980 Richard Weinshilboum wa Mayo Clinic alionyesha kwamba kimeng'enya kinachovunja dawa hii, TPMT, hakilingani kwa watu. Kwa takriban mtu 1 kati ya 300 karibu hakifanyi kazi kabisa. Mtoto wa namna hiyo ukimpa dozi ya kawaida unaua uboho wake. Anayemfaa ni kama sehemu ya kumi ya dozi, na kwa hiyo sehemu ya kumi anatibika vizuri kama wenzake. Baadaye, mwaka 2014 na kuendelea, ikajulikana jeni nyingine yenye athari kama hiyo, NUDT15, ambayo hitilafu zake zinaonekana zaidi kwa watu wa Asia ya Mashariki na kwa wenye asili ya wenyeji wa Amerika.

Sehemu ya kumi. Nilimsomea wifi mara mbili. Kwa mtoto huyo, nusu kidonge ingekuwa nyingi mno.

Kuna jambo jingine alilolipenda zaidi. Zamani wazazi waliambiwa dawa hii inywewe usiku, tumbo tupu, bila maziwa, na nyumba nzima inageuka jeshi: mtoto ana njaa, mama anaangalia saa, baba anagomba. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 ukaonyesha masharti hayo hayakubadilisha uwezekano wa ugonjwa kurudi. Kilicholeta tofauti ni kuruka dozi. Mtoto aliyekunywa chini ya asilimia 95 ya vidonge alivyoandikiwa alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo muulize daktari wako, lakini huenda uji wa mtoto hauna kosa lolote. (Metotreksati ya vidonge ni habari nyingine: hiyo ni mara moja kwa wiki, si kila siku, na kuichanganya kumeua watu. Andika siku yake ukutani kwa kalamu nyekundu.)

Kwenye friji ya kaka yangu pale kuna ratiba: Jumatatu kizima, Jumanne nusu, Jumatano nusu. Wageni wanadhani ni zamu za kuosha vyombo.

## Damu ya kawaida ya nani?

Sasa naingia kwenye kilichoninyima usingizi kweli.

Daktari anapunguza merkaptopurini kwa kuangalia hasa neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Zikishuka chini ya kiwango fulani, dozi inakatwa au inasimamishwa, mtoto asije akaambukizwa. Kiwango chenyewe kimewekwa na nani, kwa damu ya watu gani?

Watu wengi wa asili ya Afrika kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Duffy juu ya chembe nyekundu za damu. Kutokuwa nayo ni faida, maana malaria ya aina ya vivaksi hutumia alama hiyo kama mlango wa kuingilia. Ndiyo sababu kubwa kwa nini malaria inayotusumbua sisi ni ile nyingine, falsiparamu. Lakini mtu asiye na Duffy pia huwa na neutrofili chache kwenye damu anapopimwa. Si mgonjwa. Haambukizwi zaidi ya wengine. Ndivyo alivyo.

Haya, mtoto wa namna hiyo akipata lukemia, akapimwa kwa rula iliyochorwa kwa damu ya Wazungu, ataonekana kila mara yuko chini. Atapunguziwa, atasimamishiwa, atapunguziwa tena. Atakunywa dawa ndogo kwa miaka, kwa sababu ya hesabu ambayo kwake ni ya kawaida tu. Watafiti wameliona hilo kwa watoto wenye asili ya Afrika walioko Marekani.

Yaani wifi na wasiwasi wake walikuwa na haki nusu. Kupunguziwa kunaweza kuwa uokozi, na kunaweza kuwa kudhulumiwa na rula.

Kliniki iliyofuata nikaomba kuingia pamoja nao. Niliogopa. Sisi tumelelewa kwamba daktari haulizwi, na shangazi mtu mzima akianza kutaja majina ya jeni mbele ya foleni ya akina mama, anaonekana ana kiherehere. Nikasema: "Daktari, shikamoo. Samahani, nina swali la mtu asiyejua. Huyu mtoto chembe zake si ndivyo zilivyo tangu azaliwe?"

Ni kijana kuliko mimi, lakini shikamoo nilimpa, ya heshima ya kazi.

Hakuchukia. Aliweka kalamu chini. Akasema jambo hilo analijua, na tatizo lake ni kwamba mtoto analetwa kwake akiwa tayari anaumwa, damu imeshavurugwa na lukemia, kwa hiyo hawezi kujua ilikuwaje alipokuwa mzima. Kisha akamgeukia wifi: "Mama, una majibu yoyote ya zamani ya damu? Ya kabla hajaanza kuumwa?"

Wifi yangu hatupi karatasi. Ana kopo la biskuti lenye stakabadhi za umeme za tangu enzi za mita za kuzunguka. Ndani yake kulikuwa na majibu ya siku mtoto alipoandaliwa kwa upasuaji wa ngiri, akiwa mzima, anacheza. Wino umefifia, lakini namba zinasomeka. Neutrofili zilikuwa chini hata siku ile.

Daktari akaagiza na wazazi wapimwe. Duffy hupimwa kama kundi la damu, si maabara ya mwezini, ila kitendanishi chake hakiko kila mahali. Kaka na wifi wote wawili hawana. Kwa hiyo mtoto hawezi kuwa nayo.

Akapandisha dozi kidogo, na kuahidi kutazama. Ningependa kukuambia ikawa mwisho mwema.

## Homa ya usiku

Wiki chache baadaye mtoto akaamka usiku wa manane anatetemeka. Kipima joto kikasoma 38.6.

Kwa mtoto aliye kwenye kemo, yaani hizi dawa za saratani, 38 kwenda juu si homa ya kusubiri kuche. Haitolewi panado kwanza ili tuone. Panado inaficha homa, na bakteria wanaendelea na kazi yao. Diklofenaki ndiyo usiguse kabisa. Ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, na akifika, dawa ya bakteria ya kwenye mshipa iingie ndani ya saa moja, kabla hata majibu ya maabara hayajatoka.

Kaka alimbeba kwenye bajaji, wifi akashika begi ambalo tangu wakati ule wa wodini halijawahi kufunguliwa: kanga mbili, kadi, mswaki, chaja.

Bibi yake mtoto, aliyekuwa amekuja kutoka Morogoro, alitaka kwanza amkande kwa maji ya mwarobaini. Ni mtu anayependwa, na hakuna aliyemjibu vibaya. Kaka alisema tu, "Mama, tutakanda tukirudi," akatoka.

Alilazwa, vidonge vyote vikasimamishwa, akapona homa. Tukarudi kwenye nusu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwetu sura ya madhara ni tofauti na ya Memphis. Kule wameshafika kwenye kuhangaikia mtoto atakuwa mrefu kiasi gani, moyo wake utakuwaje akifika miaka 40, nyonga zitaharibiwa na deksamethasoni, steroidi iliyo sehemu ya tiba, au la (na kwa watoto wakubwa wameona kwamba kuitumia wiki moja na kupumzika wiki moja kunazilinda nyonga). Kwetu madhara makubwa yana kasi zaidi. Ni maambukizi. Mtoto anapona saratani na anaondoka na homa ya usiku, kwa sababu nyumba iko mbali, nauli haikuwepo, au zahanati ya jirani ilimpa sindano ya malaria na kumrudisha nyumbani.

Ndiyo maana wataalamu wanaofanya kazi katika nchi kama zetu hawachukui ratiba ya Ulaya na kuibandika ukutani. Wanaanza na tiba nyepesi kiasi ambacho wodi inaweza kukibeba: damu ya kuongezea ipo? Dawa za bakteria zipo? Vitanda vya kuwatenga vipo? Vikiongezeka hivyo, na dawa inaongezwa. Ukimimina kemo ya kiwango cha Ulaya kwenye wodi isiyo na damu ya akiba, unaua watoto ambao saratani isingewaua.

Wifi alilisikia hili na akanyamaza. Nadhani lilimuuma. Linauma: kwamba kiasi cha dawa anachoweza kupewa mtoto wako kinapimwa na akiba ya damu ya hospitali.

Mengine yanayopunguza maambukizi ni ya bei ya sokoni. Septrini siku mbili tatu za wiki, kuzuia nimonia moja mbaya inayowavizia watoto hawa. Mswaki laini na maji ya chumvi kwa vidonda vya mdomo. Dawa ya minyoo aina ya strongiloidi kabla ya steroidi, kwa sababu steroidi inamfungulia mnyoo huyo njia ya kusambaa mwilini. Kipima joto cha nyumbani.

Na steroidi zenyewe! Hiyo ni sehemu ambayo wazazi wote kliniki hucheka pamoja. Mtoto anaamka saa tisa usiku anadai ugali na dagaa, analia kwa sababu dagaa wana macho. Uso umejaa, tumbo limejaa, hasira ziko juu. Siku ya sita wa kumtuliza hayupo.

## Mfuko mdogo

Vinkristini, dawa nyingine ya tiba hii, inatokana na ua ambalo una uwezekano mkubwa wa kulipita leo: lile la petali tano, la waridi au jeupe, linaloota kwenye bustani za ofisi na makaburini, asili yake Madagaska. Ni dawa nzuri na ina ukatili wake kwenye neva. Mtoto anaanza kuburuta miguu, taya linauma, choo kinafunga. Ukiongezea dawa fulani za fangasi juu yake, madhara yanazidi, kwa hiyo taja kila dawa uliyopewa kwingine.

Hapa kuna habari njema ya kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana na wenzao wa Eldoret waliwafuatilia watoto wa Kenya wenye saratani, wakakuta wengi wana kimeng'enya, CYP3A5, kinachovunja vinkristini haraka, na madhara ya neva kwao yalikuwa madogo. Safari hii tena rula ya Wazungu inatukosea kwa upande uleule: huenda watoto wetu wanahimili zaidi ya wanachopewa. Haijafikia hatua ya mzazi kudai chochote, lakini nimefurahi kwamba swali limeulizwa Eldoret, kwa damu ya Eldoret.

Vinkristini ina hatari nyingine, ya kutisha kuliko hiyo. Ni dawa ya mshipani tu. Ikiingizwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, karibu kila mara inaua. Na mtoto mwenye lukemia anaweza kupangiwa sindano ya mgongo na vinkristini siku moja, mabomba mawili ya sindano yakiwa kwenye trei moja. Imetokea, nchi mbalimbali. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari na kushauri dawa hiyo isiwekwe kwenye bomba la sindano kabisa, ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu. Hakuna anayeweza kuunganisha mfuko wa dripu na sindano ya mgongo kwa bahati mbaya.

Nimesoma mengi miezi hii ya karibuni, na hiki kimfuko ndicho nilichokiheshimu kuliko vyote.

## Begi la mgongoni

Kuna dawa mpya, blinatumomabu. Haichomi kila kinachokua mwilini kama kemo; inaishika seli ya saratani kwa mkono mmoja na chembe ya kinga kwa mkono wa pili, inazikutanisha. Inaingia polepole bila kukatika kwa siku 28, mtoto akiwa na pampu kwenye begi mgongoni, anaweza kukaa nyumbani kwao. Uingereza wamewapa watoto ambao miili yao ilishindwa kabisa kuendelea na kemo, ikawavusha. Desemba 2024 yakatoka matokeo ya jaribio la Amerika ya Kaskazini na kwingineko: ilipoongezwa juu ya kemo, watoto waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka 3 walikuwa asilimia 96, dhidi ya 87.9 kwa kemo peke yake.

Angalia neno hapo, ilipoongezwa. Wameanza tena kwa kuongeza, na kupunguza kemo kutafuata polepole, kwa ujasiri uleule wa ngazi kwa ngazi. Bei yake siitaji, kaka yangu aliitafuta siku moja akafunga simu.

Je, tuitamani? Ndiyo, tuitamani. Lakini ningepewa fedha leo ningeanza na nauli, vipima joto, damu ya akiba na kipimo cha Duffy kwa kila mtoto anayeanza tiba. Wifi hakubaliani nami. Anasema maskini kujipangia vya bei rahisi ndiko kunakowafanya wapewe vya bei rahisi. Tumebishana hilo mara nyingi na sijamshinda.

Tulichokubaliana ni kidogo zaidi. Tulimwomba daktari kwamba kila anapobadilisha dozi aandike sababu kwenye kadi, mstari mmoja, kwa Kiswahili: imepunguzwa kwa ajili ya damu, au imepunguzwa kwa sababu haipo. Mama ajue analia nini. Alicheka, akasema asubuhi moja ana watoto kibao na mkono mmoja. Kliniki iliyopita aliandika. Ilibidi tumtafute nesi atusomee mwandiko.